Je, wajua kwa nini bwawa la mawe huweza kuhimili tetemeko la ardhi?

Tarehe 12 Mei 2008, saa nane na dakika 28 mchana, tetemeko la kipimo cha 7.9 liliipiga Wenchuan, katika jimbo la Sichuan nchini China. Watu zaidi ya 69,000 walikufa. Kilomita 17 hivi kutoka kwenye kitovu chake, juu ya mto Min, lilikuwapo bwawa la Zipingpu lenye kimo cha mita 156, na chini yake mji wa Dujiangyan. Bwawa halikubomoka. La kushangaza ni kwamba Zipingpu si ukuta wa zege. Ni mlima wa mawe uliovishwa zege upande wa maji tu, zege lenyewe unene wake kule juu ukiwa kama sentimita 30.

Mzigo wote hubebwa na mawe. Kazi ya zege ni kuzuia maji yasipenye. Na kwa kuwa uso huo umelala kimteremko, maji hayausukumi kwa mbele peke yake. Huulalia pia, yakawa yanayakandamiza mawe kuelekea chini. Jiwe lililokandamizwa hung'ang'ania jirani yake, kwa hiyo sehemu ya uzito wa maji inasaidia kulishikilia bwawa lile lile linaloyazuia.

Faida ya pili huonekana ardhi inapotikisika. Maji yakibaki mbele ya zege, mawe ya nyuma yake hukaa makavu. Udongo au mchanga ulioshiba maji ukitikiswa unaweza kupoteza nguvu ghafla na kutiririka kama uji, lakini rundo la mawe makavu halina maji ya kunaswa katikati yake. Mawe husogea, husuguana, hujipanga upya, na kila msuguano unapunguza nguvu ya mtikisiko. Rundo zima hushuka kidogo. Ndivyo ilivyokuwa Zipingpu: sehemu ya juu ilishuka karibu robo tatu ya mita, na mawe kadhaa ya mteremko wa nyuma, karibu na kilele, yakalegea. Kileleni ndiko mtikisiko unakokuwa mkali zaidi, maana bwawa huyumba kuliko ardhi iliyolibeba.

Kilichoumia ni zege. Lenyewe ni gumu, limegawanywa katika mabamba, na halijui kushuka pamoja na mawe. Mabamba yaliyojengwa kwa awamu tofauti yaliachana kwenye maungio ya mlalo, moja likapanda juu ya jingine kwa hadi sentimita 17. Karibu na katikati, mabamba mawili yalibanana hadi kingo zake zikapondeka. Maji yanayopenya yaliongezeka kutoka lita 10 hivi kwa sekunde hadi karibu 19, kiasi kidogo mno kwa bwawa la ukubwa ule. Tusisahau bahati pia: siku ile maji yalikuwa yamepungua, mbali chini ya kina cha kawaida. Lingekuwa limejaa, mtihani ungekuwa mwingine.

Lakini kwa nini yapondeke mabamba yaliyo katikati? Bwawa hukaa bondeni, na mawe yanaposhuka huelekea pale bonde lilipo na kina kikubwa. Yakienda huko huyaburuta mabamba yaliyo juu yake. Ya pembeni huvutwa yaachane, ya katikati husongamana. Wala si lazima litokee tetemeko. Bwawa la Mohale nchini Lesotho, lenye kimo cha mita 145, lilijaa Februari 2006, na uzito wa maji peke yake ukayaponda mabamba ya katikati. Mwaka uliotangulia yaliyofanana na hayo yalikuwa yametokea Campos Novos, Brazil.

Kwa maoni yangu, visa hivyo viwili vya maji tulivu viliwafundisha wahandisi mengi zaidi kuliko Zipingpu, kwa sababu hapakuwa na tetemeko la kusingiziwa. Siku hizi maungio ya katikati hayaachwi zege ligusane na zege. Huwekwa kitu kinachobonyea, hata mbao, ili mabamba yakisogeleana yawe na pa kujibana bila kupasuana. Kwenye maungio ya pembeni, yanayovutwa, hupitishwa ukanda wa shaba uliokunjwa, ili ufa ukipanuka mkunjo ufunguke na shaba isikatike.