Fremu nyingi hazimaanishi gemu laini

Wachezaji wengi huamini kwamba gemu ikikwamakwama, dawa ni kuongeza fremu kwa sekunde, yaani picha ambazo mashine huchora kila sekunde. Sivyo. Idadi hiyo ni wastani, na wastani huficha mengi. Kwa fremu 60, kila moja hukaa milisekunde 16.7 hivi, moja tu ikichelewa hadi milisekunde 100, jicho linaona mkwamo ingawa kaunta ya fremu inasoma 55. Kinachotakiwa ni mwendo sawa. Weka kikomo cha fremu ambacho mashine yako inakimudu muda wote: kwenye skrini ya hezi 120, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, fremu 40 zinazofuatana sawasawa hupendeza kuliko 70 zinazoyumba. Na mikwamo ya unapoingia eneo jipya? Mara nyingi ni sheda, programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, zinazotayarishwa papo hapo. Hiyo kikomo hakiiponyi.