Usimamizi wa usanifu wa vichezeo vya mbwa ni kazi gani?

Kichezeo cha mbwa hutengenezwa ili kitafunwe, kivutwe na kuburuzwa mpaka kiishe. Kusimamia usanifu wake, kwa hiyo, ni kuamua mapema kitaisha vipi: sehemu gani itang'oka kwanza, kipande hicho kitakuwa na ukubwa gani, na mbwa akikimeza kitapita au kitakwama. Mchoro, rangi, kalibu (chombo cha kuumbia mpira) na bei hufuata uamuzi huo. Wengi huanza na sura, samaki au mfupa au pweza, na swali la usalama huja pesa za kalibu zikiwa zimeshalipwa.

Kazi yenyewe hupita mikononi mwa mchoraji, fundi, muuza malighafi, mtunza mbwa na daktari wa mifugo. Kinachowaunganisha ni hati ya maelezo, na hapo ndipo mambo mengi huharibika. Kuandika "kwa mbwa mkubwa" hakumwambii fundi kitu. Chukua mbwa wa ulinzi wa Nyali, Mombasa, anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Hati inayofaa itasema: mbwa wa kilo 35, hutafuna akiwa peke yake kwa saa kadhaa, kichezeo kitakaa juani na kuoshwa kwa maji ya bomba. Maneno "akiwa peke yake" yameshaondoa kamba, vitambaa na vifilimbi vya ndani, kwa sababu hakuna mtu karibu wa kumtoa kipande mdomoni.

Ukubwa huamuliwa na koo. Kitu kinachopita nyuma ya chonge kinaweza kuziba njia ya hewa. Mpira wa tenisi una kipenyo cha sentimita 6.54 hadi 6.86, na mbwa mwenye taya pana huuingiza wote kinywani; kwa mbwa wa hati yetu, tusishuke chini ya sentimita 7.5. Pima pia kichezeo kikiwa kimebanwa, maana mpira laini wa sentimita 8 unaweza kuwa 6 tu ndani ya taya. Na huo wa tenisi una ubaya mwingine huku pwani: manyoya yake hushika mchanga wa ufukweni, mchanga ukasaga meno kama msasa.

Kichezeo chenye uwazi ndani lazima kiwe na matundu mawili. Mbwa akiingiza ulimi kwenye tundu la pekee na kulamba, hewa ya ndani hutoka, ombwe likaukamata ulimi. Ulimi huvimba, na kadiri unavyovimba ndivyo unavyozidi kukwama. Wapo mbwa waliokatwa ulimi kwa kosa hili. Tundu la pili liwekwe upande wa pili kabisa, kwani matundu yaliyo karibu huzibwa pamoja chakula kinapojazwa.

Kuhusu ugumu, mbwa mzima ana meno 42, na jino kubwa la juu, la nne baada ya chonge, ndilo linalopasuka mara nyingi akitafuna kitu kigumu. Bonyeza kichezeo kwa ukucha wa kidole gumba: usipoacha alama yoyote, ni kigumu mno. Kiwandani ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A, ambacho namba ikipanda ugumu huongezeka. Kwa mtoto wa mbwa anza karibu na 40 hadi 50, kwa mtafunaji hodari 60 hadi 70, kisha acha meno yaamue. KONG, pengine kichezeo mashuhuri kuliko vyote, kilitokana na Joe Markham wa Colorado kumwona mbwa wake, miaka ya 1970, akitafuna kipande cha mpira cha gari la Volkswagen. Funzo lake ni kumtazama mbwa kabla ya kuchora. Isiwe sababu ya kukata tairi kuukuu: tairi la gari lina nyuzi za chuma ndani.

Mpira wa asili huivishwa kwa salfa ndani ya kalibu, kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi, kwa dakika zinazotegemea unene. Ukitolewa mapema, sehemu nene hubaki mbichi katikati na kuwa na vishimo kama sifongo. Ukichelewa, mpira hurudi kuwa dhaifu na wa kunata. Ukipoa husinyaa kwa kiasi cha asilimia 2, kwa hiyo kichezeo cha milimita 80 huhitaji kalibu ya karibu 81.6. Mpira unaofurika kwenye kiungo cha kalibu usipokatwa sawasawa huacha ukingo mwembamba, na mbwa huanzia hapo hapo kurarua.

Katani hupatikana kwa urahisi Mombasa, mashamba yake yako hapo Vipingo, lakini nyuzi zake ndefu na ngumu zikimezwa hukunja utumbo, na hilo huishia kwenye upasuaji. Kamba ya pamba ni afadhali, tena kwa kuvutana na mtu tu, na itupwe ikianza kuchambuka. Unyevunyevu wa pwani huiotesha kuvu, basi ikaushwe.

Rangi isichukue muda. Mbwa huona vizuri buluu na manjano. Nyekundu kwenye majani humpotea.

Sampuli iliyokubaliwa itiwe sahihi na tarehe, nakala mbili, moja kwa fundi na moja kwa msimamizi, zitunzwe kivulini kwa kuwa jua hupasua mpira. Bila hiyo, ubishi wa "ndivyo tulivyokubaliana" hauna mwamuzi. Katika mzigo wa vipande 1,000, jedwali la ISO 2859-1, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa sampuli, kwa ukaguzi wa kawaida huchukua 80 bila kuchagua. Kwa kasoro kubwa, kikomo cha kasoro zinazovumiliwa (AQL) cha 2.5 huruhusu vibovu 5. Cha sita hurudisha mzigo wote. Tundu la pili lililoziba halina ruhusa hata moja.

Vipimo vya sumu huazimwa kwenye viwango vya vichezeo vya watoto, kama EN 71-3 cha Ulaya na ASTM F963 cha Marekani. Hivyo hukagua madini na rangi, wala havikuundwa kwa taya za mbwa. Jaribio la meno ni juu ya msimamizi mwenyewe. Pima kila sampuli kwa mizani kabla ya kuikabidhi kwa mtunza mbwa, kisha ipime tena baada ya siku 1, 3 na 7, ikiwa imeoshwa na kukauka. Iliyotoka na gramu 180 ikirudi na 171, gramu 9 zitafutwe bandani, na zisipoonekana, mbwa apelekwe kwa daktari na mchoro urudi mezani.