Kazi za makambini zimepungua: mtafuta kazi wa Kigoma ajiandae vipi?

Na Mshauri wa Ajira na Taaluma, Kigoma

Kwa miaka mingi, kijana wa Kasulu, Kibondo au Kakonko aliyemaliza chuo alijua pa kuanzia: mashirika yanayohudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Warundi walipoanza kuingia tena kwa wingi mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa upya, na mwanzoni mwa 2016 Mtendeli ikafuata. Palihitajika madereva, wauguzi, walimu, watunza stoo, wahamasishaji jamii, mafundi wa maji. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa mishahara ile.

Kipindi hicho kinaelekea ukingoni. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021 na wakazi wake wakahamishiwa Nduta. Warundi wameendelea kurejea kwao. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi duniani ikakatika katikati, pamoja na mikataba ya watu waliokuwa wakiiendesha. Anayeketi sasa akisubiri mashirika yarudi kama zamani, kwa maoni yangu, anasubiri kitu ambacho hakuna anayeweza kumwahidi.

Wakati huohuo Kigoma haijalala. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kuna njia nyingine ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Kuna mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu imeleta wakandarasi na wataalamu washauri. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mizigo ya Kalemie, Uvira na Bujumbura inapita bandarini kwetu. Kwa hiyo mwajiri yupo, ila si yule tuliyemzoea, na namna anavyochagua watu ni tofauti.

Serikalini nako mambo yamegeuka. Mwalimu aliyehitimu zamani alikaa nyumbani akisubiri TAMISEMI itoe orodha ya vituo. Siku hizi anaomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, anaitwa kwenye usaili, anashindana. Ushindani wenyewe si wa kitoto: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 135,000. Katika wingi huo hakuna mtu anayekaa kukusoma moyo. Kinachosomwa ni ulichojaza na ulichoambatisha.

Nikiitwa kuzungumza na wahitimu, nategemewa niseme "jiajirini" kisha nishuke jukwaani. Leo nitazungumza na yule anayetaka kuajiriwa, kwa sababu ana haki ya kutaka hivyo. Ushauri wangu kwake ni mmoja: kusanya ushahidi wa kazi unayoiweza mapema, kabla tangazo halijatoka. Matangazo mengi hukaa wazi wiki mbili tu, na wiki mbili hazitoshi kutafuta karatasi ambayo hukuwahi kuiomba.

Nianze na walioachishwa au waliomaliza mikataba makambini, maana hao ndio wengi ofisini kwangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Hiyo ni haki yako, wala si barua ya kubembeleza inayotolewa na bosi mwenye roho nzuri. Hutolewa hata kama mliachana kwa ugomvi. Ajabu ni kwamba watu huulizia stahiki zao za fedha hadi senti ya mwisho, halafu wanaondoka bila cheti hicho. Shirika likishafunga ofisi ya Kibondo na mafaili kuhamishiwa Dar es Salaam au nje ya nchi, kukipata ni safari ndefu. Kiombe leo, kwa maandishi, ukiwa bado unajua nani anakaa ofisi ya rasilimali watu. Mkataba wako wa zamani, hati za mshahara na taarifa ya michango yako ya NSSF vihifadhi pia, kwa sababu vinaonyesha kwamba miaka unayoitaja ulikuwa kazini kweli.

Ukishapata cheti, kuna shida ya pili, nayo ni lugha ya wasifu. Mtu aliyefanya kazi miaka sita Nduta huandika cheo chake kama alivyoitwa na shirika, na vifupisho vya mradi ambavyo nje ya kambi havina maana. Mkandarasi wa barabara akisoma "mhamasishaji jamii, mradi wa maji na usafi" anaona mtu wa semina. Muulize mtu huyohuyo alichokuwa akifanya kila siku, anakwambia: nilikuwa na vibarua thelathini, naandika mahudhurio yao asubuhi, natoa vifaa stoo na kuvipokea jioni, nasikiliza malalamiko ya wanakijiji kuhusu mabomba yanayopita mashambani mwao, Ijumaa naandika taarifa. Hizo ni kazi ambazo mkandarasi anazitafutia watu! Anahitaji mtunza mahudhurio, mtunza stoo, na mtu wa kuongea na wananchi ambao mashamba yao yanaguswa na mradi. Basi andika hivyo. Taja ulichofanya, kwa watu wangapi, kwa muda gani, kwa kifaa gani. Cheo kibaki pale juu kwa ajili ya ukweli wa kumbukumbu, lakini maelezo ya chini ndiyo yanayokuombea kazi.

Lugha za kuongea nazo usizifiche. Watu wa huku huona Kirundi na Kifaransa cha kuokoteza si elimu. Kwa wakala wa forodha anayeshughulikia mzigo wa Bujumbura, au msafirishaji anayebishana na mteja wa Uvira kwa simu, ni ujuzi wa kulipwa. Anayependa njia hiyo aulizie mafunzo ya cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, ambacho kwa upande wetu kinapitia Chuo cha Kodi. Ana nafasi nzuri kuliko mwenye shahada isiyo na mwelekeo, na nasema hivyo nikijua wapo watakaonuna.

Kuna tabia mpya inayonikera: wasifu na barua zilizoandikwa zote na akili mnemba. Sina ugomvi na kifaa chenyewe, kinasahihisha sarufi vizuri. Lakini ukiletewa barua kumi na zote zinasema mwombaji ni "mchapakazi mwenye ari na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", unajua hakuna hata mmoja aliyekaa chini kufikiria kazi yenyewe. Tumia programu kusafisha ulichoandika, usiiachie ikuandikie maisha yako. Ukifika kwenye usaili, swali la kwanza litakuwa juu ya sentensi uliyoikopi.

Fundi asiye na cheti

Fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mchomeleaji wa Mwanga, fundi umeme aliyejifunza kwa kaka yake: hawa wana ujuzi lakini mkandarasi mkubwa hawezi kuwaajiri kama mafundi bila karatasi, kwa sababu naye anakaguliwa. Wanaishia kulipwa kibarua huku wakifanya kazi ya fundi. Njia yao ipo. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi hupimwa anachokijua, huelekezwa penye upungufu, na akifaulu hupewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Nenda Chuo cha VETA Kigoma uulize fani zinazopimwa na lini. Wa ziwani wana nafasi ya pekee: Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wapo mafundi waliokaa bila boti za kutengeneza. Miezi kama hiyo ndiyo ya kwenda kupimwa.

Kazi nyingi za aina hii hazitangazwi mtandaoni. Mkandarasi huanzia kwa mtendaji wa kijiji au kata mradi unakopita. Jiandikishe pale, uwe na barua ya utambulisho, kisha nenda getini ukaulize. Watu husema kazi ni kujuana. Msimamizi anayemuita fundi aliyemwona akifanya kazi vizuri mwezi uliopita anaamini macho yake, na hilo halina ubaya wowote. Ubaya unaanza mtu anapotaka kitu kidogo ili jina lako lipite.

Majina yasiyolingana

Hili limewaangusha watu wenye sifa zote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, cha kidato cha nne Ramadhan, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Kwa binadamu ni mtu yuleyule, kwa mfumo ni watu watatu. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hutaka mwenye majina yanayotofautiana awe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kuipata kunachukua muda na fedha. Weka vyeti vyako vyote mezani jioni moja, soma herufi kwa herufi, ujue mapema una kazi gani ya kufanya. Matangazo hayohayo husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita na matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki. Vinatakiwa vyeti halisi, pamoja na kitambulisho. Kama cheti chako bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la mchango, kamalize hilo kabla ya kufungua akaunti ya maombi. Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi, kwa hiyo anayetoka Kakonko aanze kuweka akiba siku anayotuma maombi, asingoje jina litoke.

Matapeli sitawaongelea sana. Kuomba kazi kwenye mfumo wa serikali ni bure. Anayetaka hela ya fomu, ya sare au ya kupimwa afya kabla hujasaini mkataba, na anataka itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, ni ndugu wa yule wa "ile hela itume kwenye namba hii".

La mwisho ni wadhamini, yaani watu unaowataja kwenye wasifu ili mwajiri awaulize habari zako. Wasifu mwingi ninaoupokea una namba ya ofisi iliyokwishafungwa na barua pepe ya shirika ya bosi ambaye mkataba wake uliisha siku moja na wako. Mwajiri akipiga, simu haipatikani. Anahamia kwa mwombaji anayefuata. Mtafute bosi wako huyo, yuko Arusha, Juba au popote, umwombe namba yake binafsi na ruhusa ya kumtaja, umkumbushe ulifanya nini chini yake na mwaka gani. Nawe ukibadilisha laini, ingia kwenye akaunti yako ya maombi siku hiyohiyo urekebishe namba.