Chanjo ya HPV haifungi kizazi

"Hiyo ni sindano ya kufunga kizazi." Maneno haya yanazunguka Dar es Salaam tangu 2018, chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na huibuka upya kila wachanjaji wanapoingia shuleni.

Tuangalie kilichomo. Dozi ni mililita 0.5 tu. Ndani yake mna maganda matupu ya protini yanayofanana na gamba la kirusi. Hayana vinasaba, kwa hiyo hayawezi kuzaliana wala kuambukiza. Mna pia chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga. Homoni hamna hata chembe. Sindano ya uzazi wa mpango, ambayo wengi huichanganya na hii, ndiyo yenye homoni, na hata hiyo hurudiwa kila miezi mitatu kwa kuwa nguvu yake huisha.

Kinachoharibu kizazi kweli ni saratani yenyewe. Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road huenda akahitaji mionzi, nayo huua mayai; wengine hutolewa mfuko wa uzazi.

Tangu 2024 dozi ni moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, hudungwa begani. Baadhi huzimia, si kwa sumu bali kwa hofu ya sindano (aliyekuja bila kunywa chai ndiyo zaidi), kwa hiyo hukalishwa dakika 15. Bega huuma siku moja mbili.

Chanjo haitibu kirusi kilichokwisha kuingia, ndiyo sababu hutolewa mapema. Haizuii aina zote za kirusi pia: msichana akifika miaka 30 apimwe mlango wa kizazi, hata kama alichanjwa.