Vyama vya wasichana wa vyuo Marekani si pati tupu

Ukitaja vyama vya wasichana wa vyuo vya Marekani, vile vyenye majina ya herufi za Kigiriki, wengi hukumbuka filamu: pati, sare na vituko vya mabwenini. Huduma kwa jamii, eti, ni ya kupigia picha tu. Pati zipo, sikatai. Lakini tazama Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa na wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908.

Kuanzia 1935, wanachama wake walipeleka tiba jimbo la Mississippi kila kiangazi, wakiongozwa na Dkt. Dorothy Ferebee. Wenye mashamba ya pamba waliwazuia vibarua kwenda kliniki, basi kliniki ikawafuata kwa magari binafsi ya akina dada hao. Watoto walichanjwa dondakoo na ndui hukohuko mashambani, wasimamizi wenye bunduki wakiwatazama kutoka juu ya farasi.

Wengi wa akina dada hao walishahitimu zamani. Walikuwa walimu, wauguzi, madaktari. Uanachama hauishii chuoni, jambo ambalo filamu hazionyeshi. Wenzao wa Delta Sigma Theta, chama kingine kilichoanzishwa Howard mwaka 1913, walichangia hata hospitali ya uzazi Thika, Kenya.