Je, wajua kwa nini nchi isiyo na dini ya taifa inalipa mishahara ya makadhi?

Bi mmoja jirani yangu, hapa Kibokoni, Mombasa, alipotoka eda aliniita barazani kwake. Marehemu mumewe alikuwa ameacha nyumba moja Mji wa Kale na kishamba Kisauni. Mtoto wa mke wa kwanza, anayeishi Nairobi, alikuwa amempelekea ujumbe kwamba hataki shauri la mirathi lisikizwe kwa kadhi.

“Mwanangu, wewe wasoma magazeti,” akaniambia. “Hivi aweza kukataa? Muislamu amkatae kadhi?”

Nikamjibu palepale: hawezi, bi. Nyote ni Waislamu, na mirathi ni ya Muislamu, kwa hivyo kesi ni ya kadhi.

Jibu langu halikuwa sahihi, na usahihi wake haukuwa wa kutafutwa mbali. Umeandikwa kwenye Katiba ya Kenya, Kifungu cha 170(5). Kifungu hicho kinasema Mahakama ya Kadhi husikiza masuala ya sheria ya Kiislamu kuhusu hali ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, katika kesi ambazo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Maneno ya mwisho ndiyo yaliyonipita. Yule kijana wa Nairobi alikuwa na haki ya kukataa, na Uislamu wake haukumwondolea haki hiyo.

Nimelichunguza kosa hili sana tangu siku ile, kwa sababu nimegundua kwamba wanalo watu wasioafikiana kwa lolote jingine. Mkristo anayezipinga Mahakama za Kadhi hudhani serikali inawalazimisha raia kufuata sheria ya dini. Muislamu anayezitetea hudhani serikali imemkabidhi kadhi kila mirathi ya kila Muislamu. Mmoja aogopa na mwingine ajivunia, lakini wote wawili wanaizungumzia mahakama ya lazima, ambayo Katiba haiitambui.

Mabishano hayo yalipamba moto zaidi mwaka 2010. Makanisa mengi yalisimama kuipinga rasimu ya katiba, na sababu mbili kubwa zilikuwa kifungu cha uavyaji mimba na hizi Mahakama za Kadhi. Wengi waliamini rasimu ilikuwa inaleta kitu kipya. Tarehe 24 Mei mwaka huo, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa tangu 2004, wakasema kuziweka Mahakama za Kadhi ndani ya katiba kunakwenda kinyume na kutenganisha dini na dola. Kura ya maamuzi ikapigwa tarehe 4 Agosti, rasimu ikapita kwa asilimia 67 hivi, na Katiba ikazinduliwa tarehe 27 Agosti.

Sasa weka katiba mbili mezani, ya zamani na ya sasa, uzisome kwa pamoja. Makadhi walikuwemo katika katiba ya zamani, kipengele cha 66, na mamlaka yao yalikuwa yaleyale manne: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Ridhaa haikutajwa popote. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 nayo haikuitaja. Neno hilo liliingizwa na Katiba ya 2010. Yaani katiba iliyopingwa kwa madai kwamba inampa kadhi nguvu mpya ndiyo iliyompa Muislamu, kwa maandishi, nafasi ya kumwambia kadhi: kesi yangu sitaki uisikize wewe. Nililisoma mara tatu kabla ya kulisadiki, na mpaka leo naona halisemwi vya kutosha.

Lakini makadhi waliingiaje katika katiba ya nchi ambayo Kifungu chake cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa?

Waliingia pamoja na ardhi. Desemba 1895 Uingereza ilifunga mkataba na Sultani wa Zanzibar kuusimamia ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Ukanda ulibaki kuwa wa Sultani kwa jina, Waingereza wakawa wanautawala na kulipa kodi kila mwaka, na maliwali, yaani magavana wa Sultani, pamoja na makadhi wakaendelea na kazi zao. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus hadi 1963. Uhuru ulipokaribia, walikuwapo watu wa Mwambao waliotaka pwani isimame peke yake. Suala hilo lilimalizwa London, Oktoba 1963, kwa makubaliano yaliyotanguliwa na barua baina ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Kenyatta aliahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa wakati wote, na Sultani akauachia ukanda.

Kwa hivyo mshahara wa kadhi ni kama njia ya majirani inayopita uani kwako. Umenunua nyumba Mji wa Kale, na katika hati ya mauzo aliyekuuzia ameandika kwamba watu wa nyuma watapita uani kwenda kisimani, kama walivyopita siku zote. Huwezi kuichukua nyumba ukaikataa njia. Ila mfano huu una mwisho wake, na waliofungua ile kesi ya 2004 waliuona: ahadi ya 1963 inaeleza kwa nini kuna kadhi Mombasa, Lamu na Malindi. Garissa haimo ndani ya maili 10, wala Kisumu. Huko makadhi walifikishwa na sheria za Kenya huru, na anayetaka kuwatetea kadhi wa Garissa na wa Kisumu itambidi atafute hoja nyingine mbali na barua za Kenyatta na Shamte.

Hiyo ndiyo historia kwa ufupi. Lililo muhimu zaidi kwa mtu mwenye kesi ni jinsi ridhaa inavyofanya kazi.

Misikiti ya mtaani huwa na sanduku la sadaka, na kamati makini hulitia kufuli zaidi ya moja. Ufunguo mmoja huwa kwa mweka hazina, wa pili kwa mzee mwingine. Mmoja akisafiri, sanduku halifunguki, hata kama pesa zilizomo ni za msikiti bila shaka yoyote. Mahakama ya Kadhi ni sanduku la kufuli tatu. Ya kwanza ni aina ya jambo: mgogoro wa kodi ya nyumba haufunguki hapo, wala wizi, wala deni la duka. Ya pili ni dini ya wahusika, wote bila kubakisha. Mzee wa Likoni akifa, akaacha mjane Muislamu na ndugu wa Kidigo walio Waislamu, lakini mmoja wa wanaodai haki katika mali akawa Mkristo, kufuli hiyo haifunguki. Familia zetu za pwani zina watu wa dini zote mbili chini ya paa moja, kwa hivyo wala hili si jambo la nadra. Kufuli ya tatu ni ile ya 2010, na ufunguo wake hawana kamati. Umegawiwa kila mmoja aliyemo katika kesi. Mjane anao wake, mtoto wa Nairobi anao wake, ami anao wake.

Na mmoja akiondoka na ufunguo wake, sanduku halivunjwi. Hubebwa hivyohivyo likapelekwa kwingine. Sheria ile ya 1967 inasema wazi kwamba kuwapo kwa kadhi hakupunguzi mamlaka ya Mahakama Kuu wala ya mahakama nyingine katika kesi inayofika mbele yake.

Hapa lipo kosa la pili, nami nilikaribia kuliangukia baada ya kulitambua la kwanza. Nilidhani anayemkimbia kadhi anaikimbia sheria ya Kiislamu. Sivyo. Sheria ya Urithi, baada ya kurekebishwa 1990, inasema mali ya Muislamu aliyefariki itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Haikusema “ikiwa yuko kwa kadhi”. Jaji wa Mahakama Kuu, awe wa dini yoyote, akiletewa mirathi ya Muislamu huipigia hesabu ya mafungu yaleyale. Na rufaa kutoka kwa kadhi nayo huenda Mahakama Kuu, ambako jaji hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili kama washauri. Milango ni miwili, na kipimo cha mgao ni kimoja.

Ili uone ridhaa ina uzito gani, tazama Ugiriki. Huko Thrace, eneo la kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, kuna Waislamu wachache ambao mamufti wao walipewa mamlaka ya ndoa na mirathi, na nafasi ya jamii hiyo ililindwa na mikataba ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukiwemo wa Lausanne wa 1923. Ni hadithi inayofanana na yetu: ardhi imebadilisha mwenyewe, na ahadi ikaandikwa kwa ajili ya waliobaki. Mwanamume mmoja wa huko aliandika wosia kwa mthibitishaji wa serikali, kwa sheria ya Ugiriki, akimwachia mkewe mali yote. Alipofariki, dada zake wakapinga. Mahakama ya juu ya Ugiriki ikasema marehemu alikuwa Muislamu wa Thrace, kwa hivyo sheria ya Kiislamu ni lazima kwake, na mjane akapoteza robo tatu ya alichoachiwa. Kesi hiyo, Molla Sali dhidi ya Ugiriki, ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Desemba 2018 majaji wakaamua kwamba mjane alibaguliwa. Mahakama haikusema ni kosa nchi kuitambua sheria ya Kiislamu. Kosa lilikuwa kumfungia mtu ndani yake bila kumuuliza. Ugiriki yenyewe ilikuwa tayari imebadilisha sheria Januari mwaka huo, kwamba mufti atasikiza kesi pande zote mbili zikikubali tu. Kenya ilikuwa imeliandika hilo katika Katiba miaka minane kabla.

Ontario, Kanada, ilichagua njia tofauti. Kulipozuka mjadala kuhusu Waislamu kuamuliwa kesi za kifamilia kwa sheria yao, jimbo lilitangaza 2005 kwamba usuluhishi wowote wa kidini katika mambo ya familia hautakuwa na nguvu ya kisheria, ukiwemo ule ambao Wayahudi walikuwa wakiutumia. Wote wakapimwa kwa kipimo kimoja, ni kweli. Lakini waumini hawakuacha kwenda kwa viongozi wao. Kilichoondoka ni jicho la mahakama juu ya maamuzi hayo, na mimi naona hiyo ni hasara kwa mnyonge. Kadhi wetu huandika hukumu, na hukumu ina rufaa.

Ridhaa nayo ina utata wake, na hapa mfano wangu wa ufunguo unapungukiwa. Ufunguo unaonekana mkononi. Ridhaa haionekani. Katiba haikusema inatolewaje: kwa sahihi, kwa kinywa, au kwa mtu kufika tu mahakamani na kujibu madai. Na mjane aliyezungukwa na mashemeji sebuleni akasema “nimekubali”, je, amekubali? Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, aliyefuatilia kesi za makadhi Mombasa na Malindi miaka ya 1980, alikuta wengi wa waliofungua mashauri ni wanawake, na mara nyingi walipata walichokidai. Utafiti huo unavunja dhana kwamba kwa kadhi ni mahali pa wanaume. Ila unawahusu waliofika mahakamani, na ni wa kabla ya neno ridhaa kuingia katika Katiba. Aliyenyamazishwa nyumbani hamo katika hesabu hiyo.

Kifungu cha 24(4) ndicho kinachosumbua zaidi sasa. Kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa kadiri inayohitajika kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama za Kadhi. Tarehe 30 Juni 2025, katika kesi iliyoanzia hapa Mombasa, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kifungu hicho hakiwezi kutumiwa kumnyima mtoto urithi wa babake Muislamu kwa sababu tu wazazi wake hawakuoana. Viongozi wengi wa Kiislamu waliipinga hukumu hiyo, wakisema mahakama imeingia katika mafungu yaliyowekwa na Qur'ani. Wengine wameiona kuwa ni kinga ya mtoto asiyekuwa na kosa. Mimi nayasoma maneno ya kifungu polepole: “mbele ya Mahakama za Kadhi”. Kama ruhusa hiyo inamhusu kadhi peke yake, basi kuchagua mlango kutakuwa na maana kubwa kuliko nilivyoeleza juu, na ile ridhaa ya 2010 itakuwa na uzito ambao wachache waliufikiria siku ya kupiga kura.

Nilirudi kwa bi baada ya wiki. Nikamwambia nilimpa jibu lisilo sahihi, nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kijana anaweza kukataa na shauri litakwenda Mahakama Kuu. Hakuuliza habari za Katiba. Aliuliza fungu lake litapungua au la. Nikamwambia mjane wa aliyeacha watoto anapata thumuni, yaani moja ya nane; kwa kadhi ni thumuni, na kwa jaji ni thumuni.

“Basi na aende apendako,” akasema, akaninyoshea kahawa.