Mguso mbovu: mkwaruzo wa jeki unatoka wapi

Mguso mbovu ni hali ya vyuma viwili vilivyopaswa kushikana kuwa vimeshikana nusunusu. Kwenye vifaa vya kurekodi, vyuma hivyo ni pini ya jeki (kile kichwa cha waya kinachochomekwa) na kile kibati kinachoibana ndani ya tundu, au pini tatu za kanoni dume na matundu ya kanoni jike, yaani vile vichwa vya duara vya waya wa maiki (XLR). Umeme wa sauti unapita, unakatika, unapita tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila ukikatika hedifoni zinasema "krr". Huo ndio mkwaruzo ambao mafundi mitambo wengi huutibu kwa kuzungushazungusha jeki mpaka unyamaze. Unanyamaza kweli, halafu unarudi katikati ya wimbo.

Waya wa maiki husumbua kuliko waya wa spika kwa sababu umeme unaopita ndani yake ni mdogo mno. Maiki hutoa milivolti chache tu. Mixa au saundi kadi inauzidisha umeme huo mara mia kadhaa, pengine mara elfu, ndipo ufae kurekodiwa, na kasoro yoyote ya kwenye pini inazidishwa pamoja nao. Jeki chafu vilevile ikiwa upande wa spika inaweza kumaliza shughuli nzima na asilalamike mtu.

Maiki ya kondensa ina lake zaidi. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye mixa, zinazopita pini namba 2 na 3 na kurudi kwa namba 1. Mguso ukikatika hapo, maiki inakosa umeme wa kuiendesha, na badala ya "krr" unapigwa na kishindo masikioni. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa waya wa kondensa shusha sauti, zima hizo volti, subiri kidogo.

Bagamoyo tatizo hili lina mwenyeji wake: bahari. Upepo unaopita juu ya mashamba ya chumvi ya Nunge ndio huohuo unaoingia studio dirishani. Chembe za chumvi zikitua kwenye pini hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu wenye chumvi hula shaba na nikeli. Shaba ikiliwa utaona ukijani. Nikeli hufifia tu, wakati mwingine usione kitu kabisa, lakini utando mwembamba umeshakaa kati ya chuma na chuma. Ongeza mchanga. Vikundi vikipiga ngoma nje, kama kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, linalofanyika tangu 1982, waya zinazoburutwa chini huokota mchanga kwenye kanoni, na vishindo vya miguu ya wachezaji vinazitikisa pini muda wote. Jeki za rangi ya dhahabu husaidia, maana dhahabu haishiki kutu, ila ni tabaka jembamba linalokwanguka. Mimi ningenunua kwanza dawa ya kusafishia.

Lakini usiihukumu jeki kabla ya kusikiliza vizuri. Mvumo wa chini usiokatika ni mambo ya umeme wa ukutani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, na mara nyingi chanzo ni nyaya za ethi. Sauti inayopasuka mwimbaji akipandisha tu ni kiwango cha kurekodia kilichozidi. "Tik, tik" inayotokea kompyuta ikielemewa ni ya kompyuta. Kondensa iliyolala kwenye unyevu nayo hutatarika hata waya ukiwa umetulia. Na ukirekodi ilimba ya Kigogo, ile ala ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba, ule mzizimo wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu lake ni sehemu ya muziki, mpigaji ameutaka mwenyewe. Unautambua kwa kuwa unafuata kila noti. Mkwaruzo wa jeki haujui wimbo unakwenda wapi, unafuata mkono wako unaposhika waya.

Hapo ndipo pa kupimia. Vaa hedifoni, acha mtu aongee kwenye maiki, kisha kunja waya taratibu kuanzia katikati kuelekea kwenye jeki. Ukifika mwisho, sukuma jeki pembeni kidogo ndani ya tundu. Ikikwaruza, badilisha kitu kimoja tu: waya uleule, tundu jingine. Mkwaruzo ukihama na waya, ubovu ni wa waya. Ukibaki kwenye chaneli ileile hata kwa waya mwingine, tundu la mixa limechoka. Wanaobadilisha waya, maiki na chaneli kwa mpigo hupata kazi safi siku hiyo, na ule waya mbovu unarudi kwenye sanduku pamoja na wazima.

Kwa uchafu, zima mashine, lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa pombe ya isopropili na ufute pini, kisha ingiza na kuchomoa jeki mara kadhaa. Msasa hapana, unakwangua tabaka la juu na kutu inarudi haraka zaidi.

Kama kinachokwaruza ni waya ukikunjwa, kusafisha hakusaidii. Nyuzi zimekatika, na karibu kila mara zimekatika pale nyuma ya jeki, kwa sababu ya kuviringisha waya kwenye kiwiko. Kata sentimita tano hivi, lehemu upya, na kwenye kanoni hakikisha kila rangi imerudi kwenye namba ileile ya upande wa pili. Pasha chuma chenyewe mpaka risasi itambae peke yake. Ikiganda kama donge lililofifia umetengeneza mguso mbovu mpya kwa mkono wako. Na kabla hujashika pasi ya kuchomelea, pitisha kwanza kifuniko cha jeki kwenye waya, la sivyo utabandua kila kitu uanze upya.